Sweta ya Pwani

Mama mmoja wa Elburgon, jina lake Wangu, hakuwa amewahi kwenda likizo maishani mwake. Likizo aliyoijua ilikuwa ya walimu na watoto wa shule, na hata hao waliimaliza wakipalilia viazi. Mwenye ng'ombe wa maziwa hana Krismasi wala Pasaka, maana ng'ombe haulizi leo ni siku gani. Kwa hiyo binti yake Shiko alipompigia simu na kumwambia, "Mum, Agosti tukifunga shule unakuja huku. Tutakaa milimani kwanza, halafu nikupeleke bahari," Wangu alijibu kama alivyojibu mwaka juzi na mwaka jana.

"Na Karembo je?"

Sauti ya Shiko ilipojibu haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

"Mwaka juzi Karembo alikuwa amezaa. Mwaka jana Karembo alikuwa anaumwa na kiwele. Mum, hii ni mara ya mwisho nakuita. Usipokuja, nitajua."

"Utajua nini?"

"Nitajua tu. Ukishaamua, nipigie."

Akakata. Wangu akabaki amesimama katikati ya matope, gambuti miguuni, simu mkononi, huku mashine za kupasua mbao zikinguruma upande wa mjini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Ni kweli, lakini wapo wazazi wanaoujua uchungu huo na bado wanaenda kukata nepia, majani ya ng'ombe, kwanza. Wangu alikuwa mmoja wao. Alichukua panga, akaenda kukata nepia, akalia humo humo ndani ya majani ambamo hakuna aliyemwona.

Sasa huyu Karembo tumjue vizuri, kwa sababu ndiye mwenye kesi. Alikuwa ng'ombe wa kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe, maziwa mengi na tabia mbaya. Alikubali mkono mmoja tu, wa Wangu. Mkono mwingine ukimgusa chuchu, aliyaficha maziwa yote, akasimama akitafuna kama asiyehusika, na mkono huo ukiendelea kumsumbua, teke. Daktari wa mifugo alisema ni mazoea. Majirani walisema amerogwa. Wangu, kimoyomoyo, alisema ni mapenzi, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa mjane, nyumba ilikuwa kimya, na hapa palikuwa na kiumbe kinachomkataa kila mtu ila yeye.

Karembo hakununuliwa. Alikuja na mahari ya Shiko. Watu wa Kabiru, mume wa Shiko, kutoka Sachangwan, walileta pesa kama wanavyoleta watu siku hizi, lakini mama yake Kabiru alikuwa mtu wa zamani, akasema mahari isiyo na kwato ni aibu. Kabiru mwenyewe ndiye aliyemshusha mtamba yule kutoka kwenye lori, bila kamba, akimwita tu kwa kupiga ulimi, maana alimlea kwa ndoo tangu akiwa ndama aliyefiwa na mamake. Wanawake wakapiga vigelegele. "Kijana anayependa mnyama namna hii," Wangu aliwaambia wenzake siku hiyo, "hawezi kumpiga mtu." Loh! Binadamu tunajua kusema.

Mwaka ulipogeuka, Shiko alirudi nyumbani mkono wa kushoto ukiwa ndani ya plasta. Hakusema mengi. Kabiru alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kituo chake Salgaa, njia yake Mombasa. Na kila akirudi, alisema Shiko, anarudi na maswali, na maswali yakikosa jibu analolitaka yanageuka ngumi. Sasa basi, wiki hiyo hiyo Karembo alikuwa amezaa kwa mara ya kwanza. Ndoo ilikuwa inajaa asubuhi, inajaa jioni. Na mila haina mzaha: binti akirudi kwao kwa kumwacha mume, ng'ombe naye hurudi alikotoka, mashahidi wakitazama, na hapo ndipo ndoa huwa imekwisha. Binti na ng'ombe wa mahari yake hawalali boma moja. Wangu alimtazama binti yake, kisha akaitazama ndoo.

"Vumilia, mwanangu," akasema. "Ndoa zote huanza hivyo."

Akamrudisha Sachangwan yeye mwenyewe, akambebea na mkoba kwa sababu ya ule mkono. Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wahenga. Lakini Karembo, kama nilivyosema, alikuwa ng'ombe wa kizungu, hana nundu.

Shiko hakukaa Sachangwan hata mwezi. Alitoweka. Ilipita miezi mingi kabla hajapiga simu, kwa nambari mpya, akasema yuko Wundanyi, kwenye milima ya Taita, anafundisha chekechea ya kanisa, na anaweza kulala usingizi. "Nimekuambia wewe peke yako, Mum. Ukimwambia mtu hata mmoja, itamfikia." Wangu akaapa. Na hapa tumpe haki yake: siri hiyo aliitunza miaka minne. Kanisani walipomwombea binti aliyepotea, alifumba macho akaitikia amina. Dada zake aliwaambia mtoto yuko Uganda. Hata Truphosa, jirani wa ua mmoja, mwanamke anayejua umepika nini kwa kunusa moshi, hakujua.

Kabiru pia hakujua. Lakini alikuwa anakuja. Kila baada ya safari mbili tatu alifika kwa miguu akiwa na mkate na sukari, akaegemea ukingo wa zizi. "Nimekuja kuona ng'ombe wangu," alisema. Mkwe hafukuzwi, na maadamu ng'ombe wake alikuwa pale, Kabiru alikuwa mkwe. Wangu alimpikia chai. Kabiru aliuliza kama mkewe amesikika, Wangu akasema la, Kabiru akashukuru kwa chai na kwenda zake. Alikuwa na adabu sana huyo kijana. Alikuwa na adabu kila mahali ila nyumbani kwake.

Shiko hakuwahi kuambiwa habari za ziara hizo. Wangu alijiambia hakutaka kumsumbua mtoto.

Basi mwaka huu, baada ya kulia kwenye nepia, Wangu alikata shauri. Alimpigia Shiko jioni ile ile akasema nakuja, na Shiko akacheka, kicheko ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu siku za vigelegele. Kuanzia hapo simu haikutulia. Zilikuja picha za milima iliyokatwa matuta hadi kileleni, za ukungu uliolala bondeni, za maporomoko ya maji karibu na njia ya shule, za jiwe kubwa ambalo ukisimama juu yake unaiona nyika yote imetandazwa chini. Kisha zikaja picha za Diani, mchanga mweupe na maji ya rangi ambayo Wangu hakuwa na jina lake. Shiko alipanga kila kitu. Jumapili mama aende Nairobi, alale kwa shangazi. Jumatatu apande treni ya asubuhi hadi Voi, na Shiko atakuwa stesheni anamngoja. Watapanda Wundanyi, wakae huko mpaka mama achoke na ndizi, halafu wateremke pamoja hadi baharini.

"Watu huingia kwa maji na nguo?" Wangu aliuliza.

"Utaingia na leso, Mum. Nitakushika mkono."

"Na huko ni baridi?"

"Bahari ni joto. Lakini huku kwangu ni kama Elburgon tu, asubuhi unatoa moshi mdomoni. Beba sweta. Hata ukisahau vingine vyote, usisahau sweta."

Wangu alinunua leso mbili pale sokoni. Akaitoa sweta yake nzito ya kijani, ile ya mwezi wa saba, akaifua, akaianika siku tatu kwa sababu jua la Agosti huko Elburgon ni la kuazima. Usiku alilala akiwaza maji yasiyo na ng'ambo. Alikuwa na furaha ya kitoto, na chini ya furaha hiyo palikuwa na hofu, kwa sababu tatizo lilikuwa pale pale, limesimama zizini linatafuna.

Wa kwanza kujaribu kumkama alikuwa Truphosa. Alivaa koti la Wangu, akajifunga kilemba cha Wangu, akavaa hata gambuti zake zilizombana vidole. Wangu akamfundisha na kukohoa, kwa sababu yeye hukohoa kidogo kabla ya kukalia kigoda. Truphosa akakohoa, akakaa, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akapaka mafuta. Karembo aligeuza kichwa akamtazama kuanzia kilemba hadi gambuti, kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi asiyempenda. Kisha ndoo ikaruka.

"Huyu si ng'ombe!" Truphosa alilia akishika goti. "Huyu ni askari wa kuzuia ghasia!"

Wa pili alikuwa Kimeli, jirani mwenye pikapu ya kubebea mbao, aliyekuja akijigamba kwamba kwao watu huzaliwa chini ya ng'ombe. Karembo alimpiga mkia uliolowa mavi katikati ya uso, kwa utulivu kabisa, na Kimeli akaenda kunawa. Wakacheka sana siku hiyo. Wangu naye alicheka, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia, na wenzake wakatazama chini.

Alimwuliza daktari wa mifugo kama anaweza kumkausha maziwa. Daktari akasema ukimwachisha ghafla hivi, na maziwa yote hayo, kiwele kitaharibika tena, na safari hii anaweza kufa. Alifikiria kumuuza. Ng'ombe wa mahari hauzwi bila wenyewe kuambiwa. Alifikiria, Mungu amsamehe, kumwacha tu alie mpaka atakaporudi. Kulikuwa na wazo moja zaidi, lililokuwa limekaa mlangoni miaka yote hiyo likingoja kukaribishwa, la kumrudisha Karembo Sachangwan na kumaliza maneno. Hilo hakuligusa.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Mkoba ulikuwa tayari juu ya kiti sebuleni. Wangu alikuwa zizini, ameinamia mgongo wa Karembo, ameshika simu. Shiko alikuwa ametuma sauti: "Mum, nimekutandikia kitanda. Nimekununulia blanketi mpya. Watoto wa shule wote wanajua mamangu anakuja." Wangu aliisikiliza, akaisikiliza tena. Akaanza kuandika, "Mwanangu usikasirike, huyu Karembo," akafuta. Akaandika tena. Machozi yalikuwa yanadondokea kioo cha simu na herufi zikawa hazishikiki. Aliona wazi kwamba anampoteza mtoto wake kwa mara ya pili, na kwa ng'ombe yule yule.

"Mama, kuna nini?"

Kabiru alikuwa amesimama ukingoni, mkate chini ya kwapa.

Miaka minne Wangu alikuwa ameitunza siri akiwa na nguvu. Hakuwa amewahi kuitunza akiwa amechoka. Alijifuta uso kwa kilemba. "Nina safari," akasema. "Siku chache tu. Na huyu ng'ombe wako hataki mtu."

Kabiru hakuuliza safari ya wapi. Aliweka mkate juu ya nguzo, akakunja mikono ya shati, akaingia. Akapiga ulimi. Karembo akainua kichwa, masikio mbele, akatoa mlio mdogo ambao Wangu hakuwa amewahi kuusikia. Kabiru akachuchumaa bila kigoda, bila kuosha, bila mafuta, na maziwa yakamwagika ndani ya ndoo kwa kishindo mpaka yakafanya povu. Wangu alishukuru Mungu. Pia aliona wivu, wivu mkali na wa kijinga, kwa sababu miaka yote hiyo alidhani anapendwa peke yake.

"Safiri, Mama," Kabiru alisema akiendelea kukama. "Mimi niko nyumbani mpaka wiki ijayo. Nitakuja asubuhi, nitakuja jioni. Si huyu ni wetu?"

Wangu angeweza kumpigia magoti. Mkwe aliyekufaa kiasi hicho hanywi chai nje kwenye matope, kwa hiyo alimkaribisha sebuleni, akamkatia mkate, akaleta chupa ya chai. Mkoba ulikuwa pale pale juu ya kiti, mdomo wazi. Leso juu, na kando yake, imekunjwa vizuri, ile sweta.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Pwani kidogo," Wangu akasema. Pwani ni kubwa, alijiambia. "Na wamama wa kanisa."

"Pwani ni poa." Kabiru akachovya mkate. Macho yake yalikuwa kwenye mkoba. "Na sweta nzito hivyo?"

"Mimi husikia baridi."

"Ile barabara mimi napita kila wiki," Kabiru alisema polepole, kama mtu anayejisemea. "Mombasa, Kilifi, Diani, huko kote unalala na shati. Mtu wa kubeba sweta kama hiyo kwenda pwani, labda awe anapanda Taita kwanza."

Wangu alikuwa anamimina chai. Aliimimina mpaka ikafika ukingoni, ikapita, ikajaa kisahani na kuanza kudondoka mezani. Kabiru aliitazama ikidondoka. Akatabasamu, akasema asante Mama, imetosha.

Usiku kucha Wangu alijidanganya. Kabiru hakujua kitu, alijiambia. Ni maneno tu ya madereva. Asubuhi ya Jumapili alikuwa amevaa, amefunga mkoba, anamngoja mkamaji wake. Karembo alianza kulia. Kulipambazuka kabisa na hakuna mtu aliyekuja. Kisha simu ikalia, na nyuma ya sauti ya Kabiru palikuwa na mngurumo wa lori.

"Mama, leo mkame mwenyewe. Nimepata mzigo wa Mombasa. Nitapitia Voi." Kisha akauliza kwa adabu yake ile ile, "Mke wangu siku hizi hupenda nini? Nimbebee nini?"

Wangu hakumbuki alivyokata simu. Alimpigia Shiko. Mteja hapatikani. Alipiga tena, akapiga tena, akituma ujumbe kati ya simu na simu, toka hapo, toka hapo mwanangu, na ujumbe haukufika. Jumapili asubuhi Shiko alikuwa kanisani, anaimba kwaya, simu imezimwa. Wangu alizunguka uwanja akiita "Yesu, Yesu," na hakuwa anaomba, alikuwa anapiga kelele tu. Karembo naye alikuwa anapiga kelele, kiwele kimevimba. Ndipo lile wazo la mlangoni likaingia lenyewe bila kukaribishwa.

Alibisha kwa Kimeli kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Wakampandisha Karembo kwenye pikapu hajakamwa, maana Wangu alikataa kumgusa. Truphosa akapanda mbele, shahidi wa pili. Njiani Wangu alisema yote, kuanzia plasta hadi chai, na maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe huko nyuma, yakiacha alama barabarani. Alitumaini jirani yake atamfariji. Truphosa alitazama nje ya dirisha.

"Kumbe wewe ulikuwa unamlisha yule kijana," ndilo alilosema.

Mama Kabiru aliwakuta langoni, jembe mkononi, mwanamke mrefu mkavu ambaye uzee haujamkunja. Alimtazama ng'ombe, akamtazama Wangu.

"Nimemrudisha," Wangu akasema akihema. "Mashahidi ni hawa. Mahari yenu hii hapa, binti yangu si mke wa mtu tena. Mpigie Kabiru simu, tafadhali, mwambie arudi. Mpigie sasa hivi."

Yule mama alimpigia, akaweka sauti ya nje wote wasikie. "Ng'ombe amerudi," alimwambia mwanawe. "Imekwisha. Geuza gari."

Kabiru alicheka. "Huyo ng'ombe kaa naye, Mathe. Mimi sikuwa nafuata ng'ombe." Simu ikakatika, na walipopiga tena haikushikwa.

Mama Kabiru alikaa juu ya gogo. "Tulimngoja huyu mnyama, Wangu," akasema, na hakupandisha sauti. "Yule msichana alipoondoka, nilimwambia kijana wangu, ngoja, watamleta ng'ombe wiki hii, na utajua kumeisha, utatafuta maisha mengine. Hamkumleta. Wiki iliyofuata, hamkumleta. Kila alipotoka kwako alirudi hapa ameshiba chai, ananiambia bado ana mke. Mwanangu ni mbaya, najua, mimi ndiye nilimzaa. Lakini tumaini ni wewe ulimpa."

Hapo hapo simu ya Wangu ikalia, na jina lililoandikwa lilikuwa la Shiko.

"Mum!" Sauti ilikuwa changamfu, nyuma yake watu wanaagana baada ya ibada. "Nilikuwa nimezima simu. Umefika Nairobi?"

"Shiko, toka hapo. Sasa hivi. Usiende Voi, usilale kwako. Kabiru yuko njiani anakuja."

Watu wa kanisani waliendelea kuagana. Shiko alipozungumza, uchangamfu wote ulikuwa umeondoka.

"Ulimwambia niko Wundanyi?"

"Sikumwambia, haki ya Mungu. Aliona sweta kwa mkoba, akajua mwenyewe."

"Aliona sweta wapi?"

Wangu alifumba macho. "Kwa kiti. Pale sebuleni."

"Alikuwa anafanya nini sebuleni kwetu?"

"Anakunywa chai."

"Mum. Amekuwa akikuja?"

"Kuona ng'ombe," Wangu akasema, na maneno hayo aliyoyasikia mara nyingi na kuyaona ya kawaida, safari hii aliyasikia yalivyo. "Alikuwa anakuja kuona ng'ombe."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Wangu alianza kuzungumza haraka haraka, kwamba amemrudisha ng'ombe, yuko hapa Sachangwan sasa hivi, Karembo yuko hapa, mashahidi wako hapa, imekwisha kabisa, Shiko yuko huru, nisamehe mwanangu, nilikuwa mjinga, nisamehe.

"Asante, Mum," Shiko akasema, kwa sauti ya mtu anayemshukuru asiyemjua. "Nitapita polisi kwanza, halafu niondoke. Usiniulize naenda wapi."

"Si uniambie hata—"

"Siwezi kukuambia. Nitakupigia mimi."

Wakati wa kuondoka Karembo alimwita Wangu kutoka kwa boma la wenyewe. Mama Kabiru alikuwa amejaribu kumkama, na ndoo ilikuwa imelala mbali. Karembo alilia mlio mrefu wa kukamwa, na Wangu akapanda pikapu bila kugeuka, mikono yake imebana mapajani.

Kabiru alifika Wundanyi, akaulizauliza mpaka akaonyeshwa chumba cha Shiko. Mama yake ndiye aliyemwambia Wangu baadaye, kwa simu fupi. Kabiru alikuta mlango haujafungwa kwa kufuli, chumba kitupu, na kitanda cha mgeni kimetandikwa blanketi mpya. Alikaa juu yake kidogo, kisha akateremka akaendelea na mzigo wake. Aliporudi, wazee wa Sachangwan walimkalisha, wakamwonyesha ng'ombe, wakamwambia hana mke. Tangu hapo hajakanyaga Elburgon.

Wangu bado huamka kabla ya jogoo. Mikono huamka kwanza, kisha yeye. Huenda zizini akakaa kigodani na simu mapajani, kwa sababu pale ndipo mtandao unashika vizuri, na pia kwa sababu hajui pa kwenda kwingine saa hizo. Nambari ya Shiko haipatikani. Sasa hakuna kinachomzuia; anaweza kupanda treni siku yoyote apendayo, na hakuna atakayelia nyuma yake. Mkoba hajaufungua. Sweta iko juu.

Juzi Truphosa alipita uani, akamwona amekaa pale, akamwuliza kwa upole, jinsi anavyouliza kila mtu, "Na ile likizo, Mama Shiko, utaenda lini?"

"Niko tayari," Wangu akasema. "Nangoja tu kuambiwa ni wapi."